Mama, Usiache Kunyonyesha kwa Sababu ya Chafya

Mahindi yanapotoa maua, au vumbi la kiangazi linapotimka, mama wengine hupiga chafya mfululizo. Macho huwasha. Pua hutoa maji. Lakini homa hakuna. Hali hii huitwa mzio. Mwili unakataa vumbi au unga wa maua.

Mama, usimwachishe mtoto ziwa. Mzio hauambukizi, wala hauharibu maziwa.

Anza bila dawa. Chemsha maji, yaache yapoe. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Vuta maji hayo kidogo puani, kisha penga. Unapofagia, nyunyiza maji chini na ufunike pua kwa kitambaa.

Usipopata nafuu, nenda zahanati. Mwambie mganga kwamba unanyonyesha. Loratadini na setirizini humfaa mama anayenyonyesha. Usibahatishe dawa za dukani. Klorofeniramini huleta usingizi. Mtoto naye anaweza kusinzia, asinyonye vizuri. Vidonge vingine vya kuzibua pua hupunguza maziwa.

Kifua kikibana, au ukipumua kwa shida, usingoje. Nenda zahanati mara moja.