Kidonge cha Babu

Likizo ya Juni, nyumbani Magoma, nalimwona babu yangu akipanda kilima kwenda shambani. Kila baada ya hatua kama mia moja husimama na kushika kigimbi cha mguu wa kulia. Akipumzika kidogo maumivu huisha, naye huendelea. Sote tulidhani ni uzee. Alipopelekwa hospitali, daktari alipima shinikizo la damu mkononi na kwenye kifundo cha mguu, akaona la mguuni ni dogo mno. Mishipa ipelekayo damu miguuni ilikuwa imejaa mafuta na kuwa myembamba. Babu amevuta tumbaku tangu ujana, na tumbaku pamoja na kisukari ndizo adui wakubwa wa mishipa hiyo.

Akapewa aspirini ndogo, miligramu 75, kila siku. Wiki ya tatu akataka kuitupa. "Mjukuu wangu, mguu wauma vile vile. Dawa gani hii?" Sikuwa na jibu, nikamwendea tabibu wa zahanati.

Ndugu msomaji, damu ina chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Ukijikata kwa panga, hukimbilia jeraha, zikashikamana na kuliziba. Hapo zatufaa. Lakini mafuta yale yakipasuka ndani ya mshipa, chembe hizo hufanya kazi ile ile, na damu ikazuiwa njia. Mguu waweza kuoza; na bonge kama hilo likiwa moyoni au kwenye ubongo, mtu aweza kufa. Aspirini huzuia chembe hizo zisiitane. Tena chembe sahani haina kiini, basi ikiisha kuguswa na aspirini haiwezi kujitengeneza. Hubaki hivyo maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Kwa kuwa mwili hutoa chembe mpya kila siku, dawa nayo yatakiwa kila siku. John Vane wa Uingereza alionyesha mwaka 1971 namna aspirini inavyofanya kazi, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Kumbe dawa hii haizibui mshipa wala haiondoi maumivu ya kigimbi. Hayo hupunguzwa kwa kutembea kila siku na kuacha tumbaku. Wala mtu asijinunulie tu dukani, maana yaweza kumtoa damu tumboni. Wengine daktari huwapa klopidogreli badala yake.

Nilipomweleza babu alicheka sana. Tumbaku amepunguza, hajaacha. Kidonge humeza baada ya chai ya asubuhi.