Fimbo na Daftari Lake

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lililo karibu na kila nyumba yenye mtoto asomaye, yaani adhabu ya fimbo shuleni. Twajua ya kuwa ni jambo zito, na wengi hawapendi kulitaja. Wazazi huogopa kuonekana wanamfundisha mwalimu kazi yake. Na waalimu huona kana kwamba wanavuliwa heshima yao. Nia yetu si kuwagombanisha. Twataka mzazi na mwalimu wakae juu ya jamvi moja, kwa maana mtoto ni wao wote wawili.

Hebu tutazame asubuhi moja hapa Nyaishozi. Kabla jua halijatoka, mtoto amekwisha kwenda kuteka maji. Akirudi huambiwa akafunge mbuzi penye majani. Tena wakati wa mavuno huambiwa aanike kahawa kwanza. Ndipo huteremka mlima mbio katika ukungu, miguu imejaa tope, naye akifika kengele imekwisha kulia. Huwekwa katika safu ya wachelewaji, akapigwa. Je, aliyekosa ni nani? Sisi tuliomtuma tumekaa nyumbani, wala miili yetu haina alama.

Wazee wetu husema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Neno hili ni kweli, wala hatutaki kulipinga. Mtoto asiyerudiwa huharibika, naye huwaharibia wengine. Walakini methali hii humwonya mzazi aachaye kazi yake ya kulea. Haisemi ya kuwa kila kilio ni malezi. Wengine huishika fimbo inayotajwa katika Kitabu cha Mithali, wakadhani wamepewa ruhusa ya kupiga bila kipimo. Sisi wa Karagwe twawajua ng'ombe wenye pembe ndefu, na twawajua wachungaji wao. Mchungaji huitumia fimbo yake kumgeuza ng'ombe aingiaye katika shamba la maharagwe. Akimvunja mguu, hakuna mtu amsifuye kuwa mchungaji hodari.

Twawakumbusha habari iliyotokea katika mkoa wetu huu wa Kagera, mwezi wa Agosti mwaka 2018. Katika Shule ya Msingi Kibeta, mjini Bukoba, pochi ya mwalimu mmoja ilipotea. Mvulana wa darasa la tano alituhumiwa kuwa ameiiba, akapigwa sana, na tarehe 27 ya mwezi ule akafa. Habari zilizotolewa siku zile zilisema ya kuwa pochi ilikuwa imesahauliwa katika pikipiki, na mwenye pikipiki akairudisha. Mwezi wa Machi mwaka 2019 Mahakama Kuu iliyokaa Bukoba ilimwona mwalimu aliyempiga kuwa na hatia ya kuua kwa kukusudia, ikamhukumu adhabu ya kifo. Tazameni basi: nyumba moja ilimpoteza mtoto, na nyumba nyingine ikaingia katika msiba wake. Hatulitaji jambo hili ili kuwaaibisha waalimu. Twalitaja kwa sababu hasira ya saa moja haina mlango wa kurudia.

Wengi hawajui ya kuwa fimbo ya shuleni ina sheria yake. Kanuni za Serikali zilizotolewa mwaka 2002 zaeleza mambo yafuatayo. Kwanza, fimbo ni kwa makosa mazito tu. Pili, viboko visizidi 4 kwa mara moja. Kabla ya hapo kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu 6. Tatu, apigaye ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Nne, msichana apigwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Tano, fimbo iwe nyembamba, na ipige mkononi au makalioni juu ya nguo. Kichwa, mgongo na nyayo havikutajwa kabisa. Tena itazamwe kwanza afya ya mtoto na umri wake. Mwisho, kila adhabu iandikwe katika daftari: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko, na jina la aliyempiga.

Sasa twauliza: daftari hilo ni nani kati yetu aliyeliona? Mtoto aliyepigwa kwa sababu amekosa hesabu moja, kosa lake zito ni lipi? Aliyepigwa na waalimu watatu asubuhi moja, viboko vyake vilihesabiwa na nani? Ni neno gumu kulisema, lakini yatupasa tuliseme: fimbo isiyofuata kanuni hizi haina sheria nyuma yake, hata ikiwa mkononi mwa mtu mwema.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumtesa mtoto na kumtenda kwa ukatili. Jirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Kenya iliiondoa fimbo katika shule zake mwaka 2001, na Uganda, iliyo ng'ambo ya mto Kagera, iliikataza kwa sheria mwaka 2016. Watoto wa huko nao hukosa, nao hurudiwa kwa njia nyingine.

Ninyi waalimu, twaujua mzigo wenu. Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016, madarasa yamejaa watoto, na mbele yao amesimama mtu mmoja. Fimbo huonekana kuwa njia fupi. Lakini mtoto mwenye hofu hanyoshi mkono kuuliza, na asiyeuliza hajui. Basi njia fupi imekuwa ndefu. Mpeni mkosaji kazi ya kufanya baada ya masomo. Mwiteni mzazi wake. Mwulizeni mtoto kwanza sababu yake, nanyi mtastaajabu mara ngapi sababu hiyo imelala nyumbani kwetu.

Nanyi wazazi, mpelekeni mtoto mapema, na kazi za nyumbani zingoje jioni. Katika mkutano wa wazazi, ombeni kwa adabu kuelezwa habari za daftari la adhabu. Mtoto akiumizwa, msiende shuleni na panga wala matusi. Mpelekeni kwanza polisi mpewe hati ya matibabu, kisha hospitali; mwambieni mwalimu mkuu na kamati ya shule, na ikiwa hawasikii, mwendeeni ofisa wa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto lililoko polisi. Namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya mambo ya watoto.

Tena leo jioni, mtoto atakaporudi, msimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulizeni pia ametendewaje. Kisha nyamazeni, mkamsikilize mpaka amalize.