Je, wajua? Kihisi husingiziwa mafuriko

Mto Ngerengere hutoka Uluguru, hujaza bwawa la Mindu linalonywesha mji wa Morogoro, kisha huteremka mashariki kupitia Ngerengere hadi Ruvu. Mto wa namna hii unastahili kupimwa usiku na mchana. Tuseme basi umefunga kihisi cha mwangwi chini ya daraja, ukakiunganisha na bodi ya Arduino Uno, na waya wa USB ukauchomeka kwenye laptopu yenye programu ya LabVIEW. Kioo kinaonyesha 184, yaani maji yako sentimita 184 chini ya kihisi. Mara 18. Mara 4. Mto umepanda mpaka darajani na jua linawaka!

Hapo wengi hulaani kihisi na kuagiza kingine. Hapo kihisi hakina kosa, na hela imepotea bure.

Uno haitumi namba nzima. Hutuma herufi moja moja: 1, 8, 4, halafu alama ya kufunga mstari. Kwa kasi iliyozoeleka ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi huchukua biti 10, ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia. Ni kama milisekunde moja. Sasa, mifano mingi ya LabVIEW inayonakiliwa hufundisha kuuliza poti ya USB ina baiti ngapi, yaani herufi ngapi, wakati huo, kisha kuzichota hizo hizo. Ukiuliza 4 ikiwa bado njiani, unapewa 18. Ile 4 iliyochelewa inasomwa zamu inayofuata kana kwamba ni kipimo kamili. Acha kuhesabu baiti. Washa alama ya kufunga mstari, namba 10 katika ASCII, omba baiti nyingi kuliko mstari wako, na LabVIEW itangoja mstari ukamilike. Mstari wa kwanza utupe, maana Uno hujiwasha upya poti inapofunguliwa.

Subira hiyo ndiyo tabia ya LabVIEW tangu ilipotoka mwaka 1986: unachora nyaya kati ya visanduku, na kisanduku hakianzi kazi mpaka kila waya unaokiingia umeleta data.

Kosa la kweli la kihisi hutokana na joto, kwa kuwa hupima umbali kwa muda wa mwangwi kurudi. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, lakini karibu 352 kwenye nyuzi 35. Kwa umbali wa mita mbili, hesabu ikibaki kwenye 343, mto utaonekana umepanda sentimita tano hivi. Kama una hela ya kihisi cha pili, nunua cha joto.

Kinachoniudhi ni bodi zinazotupwa kabatini mwanafunzi akishapata alama za mradi wake, ilhali hizo hizo zingepima tangi la shule, unyevu wa bustani, joto la ghala la mahindi, mvua, pampu. Na LabVIEW ina toleo la bure kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, tangu 2020.