Data ya Miamba: Kuiweka Wazi Hakutoshi

Sehemu kubwa ya London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi wenye umri wa takribani miaka milioni 50. Ni mgumu, haupitishi maji kirahisi, na ndio uliowawezesha wahandisi kuchimba mahandaki mengi ya treni za chini ya ardhi. Chini yake mambo hubadilika. Huko kuna miamba iitwayo Kundi la Lambeth, ambamo udongo wa mfinyanzi na kokoto vimechanganyika na mifuko ya mchanga inayoweza kujaa maji. Handaki likitoboa mfuko kama huo bila kutarajiwa, maji na mchanga humiminika ndani, na walio kazini wako hatarini. Ndiyo maana mashimo ya uchunguzi huchorongwa kwanza, na kila tabaka huandikwa lilianzia wapi na kuishia wapi.

Idara ya jiolojia ya Uingereza, BGS, inatunza kumbukumbu za mashimo zaidi ya milioni moja, na nyingi husomwa bure kwenye intaneti. Sheria ya maji ya mwaka 1991 inamtaka anayechoronga zaidi ya mita 15 kutafuta maji akabidhi taarifa zake. Huo ni utaratibu wa kuigwa. Hata hivyo, kumbukumbu nyingi za zamani ni picha za karatasi. Hii imepimwa kwa futi, ile kwa mita. Huyu kaandika udongo wa buluu, yule wa kijivu, nao ni uleule. Mjiolojia mzoefu atang’amua. Kompyuta inayotakiwa kulinganisha mashimo elfu kumi itakwama.

Hapo ndipo kiwango cha pamoja kinapohitajika. Mwaka 1992 chama cha wataalamu wa uchunguzi wa ardhi cha Uingereza, AGS, kilitoa muundo wa faili ambao bado unatumika, ukiwa umeboreshwa mara kadhaa. Faili yenyewe ni maandishi ya kawaida tu, yasiyohitaji programu ya kampuni fulani. Katika toleo la nne, jedwali la LOCA hueleza shimo liko wapi, na GEOL hueleza matabaka yake. Kila safu hutaja kipimo chake, ili mita isidhaniwe futi. Kampuni moja ikichoronga leo, nyingine itasoma faili hiyo baada ya miaka ishirini bila kuinakili upya. Kwangu mimi, urahisi huo ndio siri ya kudumu kwake.

Ramani zinazovuka mipaka zinahitaji zaidi. Mradi wa OneGeology, ulioanza mwaka 2007, uliunganisha ramani za nchi nyingi, na lugha ya data iitwayo GeoSciML ikapitishwa rasmi kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2017.

Kwetu jambo hili si la mbali. Miamba ya Mkanda wa Msumbiji inapita Kenya na Tanzania bila kujali mpaka. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iliyoko Dodoma, inatunza ramani na taarifa za nchi, na visima vinazidi kuchorongwa Dar es Salaam. Ningependa kila kibali cha kuchoronga kisima kiambatane na sharti moja: mchorongaji akabidhi faili ya matabaka katika muundo mmoja uliokubaliwa, yenye majira-nukta ya eneo na kina kwa mita, kabla hajaondoa mtambo wake.