Makosa Si Mamoja, na Adhabu Hupimwa

Mtu wa Dandora akiiba nguo iliyoanikwa kambani, huo ni wizi, na kifungo chake kwa sheria ya Kenya hakizidi miaka 3. Lakini amtishaye mpita njia kwa kisu akamnyang'anya simu ameingia katika kosa jingine kabisa, ambalo sheria imeliwekea kifo, ijapokuwa tangu mwaka 1987 Kenya haijamnyonga mtu.

Adhabu hukusudiwa kuonya, kulinda raia, tena kumrudi mkosaji. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1998 yamruhusu hakimu kumpa mwenye kosa dogo kazi ya umma isiyo na ujira, badala ya jela.

Umati umchomao mwizi wa nguo haukupima chochote. Nao waliowasha moto hushtakiwa kwa kuua.