Bati la paa si kinga ya joto ya injini

HEWA haba ya Kaptagat, ambayo Eliud Kipchoge na wenzake waliifanya chuo cha mbio, haina huruma kwa injini. Katika mwinuko wa takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Gari la kasi lenye tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini, hulazimika kukizungusha kifaa hicho kwa kasi zaidi ili lipate nguvu zile zile. Aidha, hewa nyepesi haiwi hodari wa kuondoa joto.

Moshi unaoingia kwenye tabo ya injini ya petroli unaweza kupita nyuzijoto 800. Katika Subaru Impreza zenye usukani wa kulia, kama zinazoendeshwa nchini Kenya, tabo hukaa upande huo huo wa kulia, nyuma ya injini, si mbali na silinda kuu ya breki. Kiwandani huwekewa kinga ya chuma. Kinga hiyo ikilegea na kuanza kupiga kelele, wengi huing'oa na kuitupa, na hapo ndipo hatari huanzia.

Mafuta mapya ya breki aina ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Dereva anayeteremka kuelekea bonde la Kerio huyapasha moto zaidi kila anapokanyaga breki. Yakichemka, hutoa mvuke na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Nyaya na mipira ya petroli iliyo karibu nayo hukauka, ikapasuka.

Kuunda kinga nyingine si kazi ngumu kwa fundi wa jua kali. Kosa la kawaida ni kuokota kipande cha mabati ya kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 419. Likichomelewa, moshi wake humletea fundi homa na baridi kali. Asbesto nayo isiguswe kamwe, kwani vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.

Kinachofaa ni chuma cha pua chembamba, unene wa nusu milimita hadi milimita moja. Alumini, ile ile ya kuundia sufuria, hurudisha joto vizuri sana, ila huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, hivyo iwekwe mbali kidogo na chuma chenyewe cha tabo.

Injini ikiwa imepoa kabisa, fundi hukata kwanza kielezo cha katoni, kama fundi cherehani akatavyo karatasi kabla ya kitambaa. Umbo likikubali, hulihamishia kwenye bati, akalikata kwa mkasi wa mabati na kukunja kingo zake zisikate nyaya wala vidole. Siri kubwa ni nafasi: sentimita moja hivi ya hewa ibaki kati ya kinga na tabo, na nyingine kati ya kinga na kile kinacholindwa. Kinga inayogusa tabo huwa yenyewe jiko.

Ifungwe kwa bolti za chuma kwenye matundu ya kinga ya awali. Kamba za plastiki na gundi havidumu hata safari moja. Wala tabo isifunikwe gubigubi. Sehemu ya katikati, inayopitisha oili, iachwe wazi, la sivyo oili itaungua na kuganda ndani.

Baada ya safari ya kwanza, injini ikishapoa, bolti zikazwe tena na nyaya zikaguliwe. Waya uliobadilika rangi ni ishara kwamba joto bado lina mwanya wa kupenya.