Pizza Halisi Unaweza Kuipika Kwa Keja Yako

Tuseme ukweli. Wengi wetu tulijua pizza kwa kisanduku kabla ya kuijua kwa ladha. Mtu akipita mtaani na kile kisanduku cha mraba mwisho wa mwezi, macho yote yanamfuata. Wewe hapo unapika chapati laini kushinda za hotelini, lakini ukiulizwa kama unaweza kupika pizza, unacheka. Eti hiyo ni ya wenye nazo.

Nani alikwambia?

Twende kwanza Napoli, Italia, pizza ilikotoka. Karne ya 18 na ya 19 hiki kilikuwa chakula cha maskini wa mji huo: wavuvi, wapagazi na vibarua. Kiliuzwa barabarani, na mtu alikatiwa kipande kulingana na pesa alizo nazo, vile wewe unavyokatiwa mutura ya ishirini jioni pale steji. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1889 mpishi Raffaele Esposito alimpikia Malkia Margherita pizza yenye nyanya, jibini na mrehani, ikapewa jina lake. Lakini mtaa ulikuwa umeila kitambo.

Watu wa Napoli wanaichukulia pizza kwa uzito. Mwaka wa 1984 walianzisha chama cha kulinda pizza halisi ya kwao. Sheria zake zitakushangaza kwa wepesi. Unga wa pizza una vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Hakuna sukari, hakuna mafuta. Donge linatanuliwa kwa mikono, kile kijiti chako cha chapati hakiruhusiwi. Kisha linaingia kwenye tanuri la kuni lenye joto la zaidi ya digrii 400, na baada ya sekunde 60 hadi 90 pizza iko tayari. Mwaka wa 2017 UNESCO iliutambua ufundi wa wapishi hao kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Angalia vizuri hapo: kilichoheshimiwa ni kazi ya mikono. Na mikono hata wewe unayo.

Huku kwetu, mahali pa kuonja kitu kinachokaribia ile ya Napoli ni Malindi na Watamu. Kuna sababu. Miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, na mwaka wa 1967 wakarusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Baadaye wakaja watalii na wenye mahoteli, na leo kuna vijana wa ufuoni wanaopiga Kiitaliano kama wamezaliwa nacho. Mimi niliila Malindi, imetoka kwenye tanuri la kuni, kingo zimevimba na kuungua madoadoa. Aliyeipika alikuwa kijana Mgiriama, rika langu, aliyejifunzia kazi hapo hapo jikoni. Nilipomuuliza siri, hakutaja nyama wala viungo. Aliniambia kazi kubwa hufanyika wakati yeye amelala, unga ukijiumukia polepole.

Basi tuingie jikoni. Chukua nusu kilo ya unga mweupe wa ngano, usichukue ule unaojiumua wenyewe. Weka vijiko viwili vidogo vya chumvi visivyojaa sana, na hamira robo ya kijiko kidogo. Ndiyo, robo tu. Ongeza maji kikombe kimoja na theluthi, kama mililita 325. Kanda dakika kumi mpaka uwe laini, funika, uache.

Ukikanda saa moja asubuhi kabla ya kwenda kibaruani, jioni utakuta umefura. Hiyo ni hali ya hewa ya Nairobi. Kama uko Mombasa, joto litauharakisha, kwa hiyo punguza hamira au uuwahi mapema. Gawa madonge manne, yafunike tena yapumzike saa nzima. Usiruke hatua hii, kwa sababu donge lililopumzika hutanuka bila kubishana nawe. Muda ndio unaoupa unga ladha. Ukimwaga hamira nyingi ili umalize haraka, utapata mkate wenye nyanya juu.

Nyanya usiende mbali. Zile ndefu za mama mboga, zenye nyama nyingi na mbegu kidogo, ndizo zinazofaa. Zimwagie maji ya moto, menya, ponda kwa mkono, chuja maji, tia chumvi. Usizipike. Mrehani ule wa Pwani, unaotiwa kwenye maua ya akina mama, ni wa ukoo mmoja na jani linalowekwa juu ya pizza Napoli. Kitu cha kukutoa jasho ni jibini, ile tunayoiita chizi. Tafuta mozzarella, na usiweke zaidi ya gramu 80 kwa pizza moja. Hata Napoli hawairundiki.

Sasa moto. Keja haina tanuri, najua. Njia ya kwanza ni kikaango kizito cha chapati juu ya gesi. Kipashe hadi kiwe moto kabisa, kikiwa kikavu. Tanua donge kwa vidole kutoka katikati ukiacha kingo nene, lilaze kwenye kikaango kwa dakika moja hivi, geuza. Paka nyanya upande ulioiva, weka chizi, funika, punguza moto kidogo. Baada ya dakika nne au tano chizi itakuwa imeyeyuka.

Njia ya pili naipenda zaidi, na haikutoka Italia. Muulize nyanya yeyote wa Pwani anavyopika mkate wa kumimina: makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Hiyo inaitwa kupalia. Moto ukitoka juu na chini kwa pamoja, umepata tanuri bila kununua tanuri. Lakini jiko la makaa lipeleke nje, palipo na hewa. Usiliwashe ndani ya chumba kilichofungwa hata kama kuna baridi, maana hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

Je, itakuwa sawa na ya Napoli? Hapana. Kikaango chako hakitafika digrii 400, na kingo hazitavimba vile. Lakini unga utakuwa na vitu vile vile vinne, na pakiti moja ya kilo mbili itakupa pizza 16. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi niliacha chuo karo ilipokatika, na tangu wakati huo kuna jambo naliona kila mahali. Vitu vingi tunavyoambiwa si vya watu kama sisi, vimefungiwa nyuma ya bei tu. Ndani yake kuna maarifa ambayo mtu mwingine maskini aliyagundua zamani, na hakuna anayekuuliza cheti ukitaka kuyajifunza.

Kwa hiyo Jumamosi hii waite wasee wawili. Mmoja alete nyanya, mwingine achangie chizi. Unga ni jukumu lako, na anza asubuhi.